Kwa Goti Hili, Mchezo Gani?

Kila mji una maumivu yake, na Moshi ina yake. Kuna goti la mgumu, yule mpagazi wa Mlima Kilimanjaro ambaye miaka nenda miaka rudi ameshuka njia ya Mweka na mzigo wa watu. Kuna bega na muundi wa kijana wa bodaboda aliyewahi kutupwa barabarani usiku wa mvua. Kuna shingo na kiuno cha mama wa Kibosho au Uru, aliyebeba mikungu ya ndizi tangu usichana, na matita ya majani kutoka tambarare kwa ajili ya ng'ombe anayefugwa zizini kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Kuna mstaafu mwenye presha ambaye goti lake huvimba kila akitoka ibadani. Watu hao hao sasa wanataka kujifunza kupigana. Mmoja anataka kujihami anapotoka alfajiri kwenda sokoni, mwingine anataka kupunguza mwili, mwingine amempeleka mtoto karate akatamani naye aingie. Swali lao ni moja: kwa mwili huu ulioumia, nichague mchezo gani?

Majibu wanayopewa ni mawili, na yote mawili yanawapoteza. La kwanza ni la nyumbani: acha kabisa, utajimaliza. La pili ni la vijana wenzao: jikaze. Hili la pili lina heshima kubwa kwetu. Tumelelewa na habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kumaliza mbio wakati washindi wameshapewa medali zao. Ninamheshimu Akhwari kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini yeye alikuwa na kilomita zinazohesabika mbele yake. Anayeingia kwenye karate au judo anaingia katika kazi ya miaka, na goti analolitesa Jumanne jioni ndilo litakalompandisha njia ya Machame Jumatano asubuhi. Ushujaa wa siku moja hauwezi kuwa ratiba ya mazoezi.

Na wale wa "acha kabisa" nao hawana hoja nzito. Kiungo kilichoumia kikilazwa muda mrefu, misuli inayokishikilia hunyauka, na kiungo chenyewe hubaki bila mlinzi. Mwaka 2016 watafiti wa Boston nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 204 wenye magoti yaliyolika gegedu. Kundi moja lilifanya tai chi, mchezo wa Kichina wa mwendo wa polepole, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Kundi la pili lilipata fiziotherapia ya kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu iliyokaribiana. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo wa Marekani kikaiweka tai chi katika orodha ya mambo kinayoyapendekeza kwa nguvu zote kwa goti na nyonga zenye tatizo hilo. Kwa hiyo mchezo wa asili ya kivita unaweza kuwa dawa. Kazi ni kujua upi, kwa nani, na kwa kipimo gani.

Wengi hujaribu kujibu hilo kwa majina ya michezo. Utasikia kwamba karate ni kali, judo ni laini, ngumi ni ya wahuni, aikido ni ya wazee. Mimi sioni kama majina yanasaidia. Naona tuanze na swali jingine: nguvu inayoufikia mwili wakati wa zoezi inatoka wapi? Vyanzo ni vitatu. Kuna nguvu unayoitoa wewe mwenyewe, unapopiga teke hewani, unapochuchumaa, unapokaza tumbo. Kuna nguvu ya ardhi, unaporuka na kutua au unapoangushwa. Na kuna nguvu ya mwenzako, anayekupiga, anayekuvuta, anayekukunja mkono. Ya kwanza unaweza kuipunguza wakati wowote, hata katikati ya pigo. Ya pili inategemea sakafu na ufundi wako wa kuanguka. Ya tatu iko mikononi mwa mtu mwingine, na huyo mtu anaweza kuwa kijana wa miaka 19 mwenye hamu ya kushinda.

Karibu kila mchezo wa mapigano una vyanzo vyote vitatu, ila unavigawa tofauti katika mazoezi tofauti. Katika karate, kata, yaani ule mfuatano wa mapigo unaofanywa peke yako, ni nguvu yako tu. Kumite, pale mnapopambana wawili, ni ya mwenzako. Bondia anayepiga begi na kuruka kamba anakutana na nguvu yake na ya ardhi. Akipanda ulingoni anakutana na ya mpinzani. Judo ina uchache wa mazoezi ya peke yako, kwa kuwa karibu kila kitu ndani yake ni kumshika mtu na kumwangusha. Mwenye jeraha anayeuliza "karate au judo" anapaswa kuuliza ni sehemu ipi ya karate na ni sehemu ipi ya judo.

Kabla ya kwenda kwenye viungo, tutazame kilichopo. Miongoni mwa karate zilizoota mizizi Tanzania ni Goju-Ryu, mtindo wa Chojun Miyagi wa Okinawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani aliufundisha Dar es Salaam katika Shule ya Zanaki, na wanafunzi wa ukoo ule wakausambaza. Ngumi ndiyo yenye jina kubwa. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Michael Yombayomba dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, na Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike shaba kutoka Birmingham mwaka 2022. Judo ilikuwa haivumi sana mpaka Andrew Thomas Mlugu alipopanda kwenye mikeka ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Zaidi ya hapo kuna taekwondo, kickboxing, kung fu, na mwalimu mmojammoja wa aikido au tai chi anayepatikana kwa bahati.

Moshi ina jambo lake la ziada: Shule ya Polisi. Katika sherehe za kufunga mafunzo, askari wapya huonyesha mbinu za kujihami bila silaha, na wananchi hupiga makofi. Ni mafunzo mazuri kwa waliolengwa, ambao ni vijana waliopimwa afya kabla ya kuingia. Walimu kadhaa wa uraiani nchini wamepitia majeshi, wakajifunza katika mazingira hayo, na wanafundisha walivyofundishwa. Mbinu iliyotengenezwa kwa kuruti wa miaka 20 inapopelekwa kama ilivyo kwa mama wa miaka 50 au kwa kijana aliyewekewa chuma mguuni, tatizo halipo kwenye karate. Lipo kwenye kipimo.

Nianze na goti, maana ndilo kiungo cha mlima huu. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini kinacholiumiza goti zaidi ni kushuka. Kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673, hadi geti la Mweka ni mteremko wa takriban mita 3,000, na kwa kila hatua msuli wa paja hufanya kazi ya breki huku kifuniko cha goti kikikandamizwa kwenye mfupa wa nyuma yake. Fanya hivyo msimu baada ya msimu, utapata goti linalouma ukishuka ngazi na ukikaa muda mrefu kwenye basi. Goti la namna hiyo halipendi kukunjwa sana likiwa limebeba uzito. Kwa hiyo ile misimamo mirefu ya chini ya karate ya Shotokan, goti la mbele likiwa limekunjwa na paja likiungua, si mahali pa kuanzia. Kukaa kwa magoti wakati wa salamu kunaweza kuuma kuliko somo zima. Goju-Ryu ina msimamo wake mfupi wa wima, sanchin, ambao wengi huuvumilia vizuri zaidi, ingawa miguu iliyogeuzwa kwa ndani huwasumbua baadhi. Ngumi za begi, miguu ikiwa chini na bila kuruka kamba, ni chaguo zuri sana kwa goti hili.

Lakini si kila goti bovu ni hilo. Kuna goti linalokwama, ukitaka kulinyoosha linagoma, kisha linaachia kwa mlio. Mara nyingi hapo kumechanika kile kipande cha gegedu kilicholala kati ya mifupa miwili. Adui yake ni kuchuchumaa hadi chini huku ukijipinda. Na hapa lazima niseme juu ya kichurachura. Madarasa mengi ya karate na ngumi nchini huanza kwa kuruka kichurachura, mikono masikioni, kuzunguka ukumbi. Tumekirithi kutoka kwenye adhabu za shule na kambi. Kwa goti lenye gegedu lililochanika, dakika tano za kichurachura zina madhara makubwa kuliko mwaka mzima wa kata. Hakuna pigo la karate, judo wala ngumi linalokitegemea. Miguu hupata nguvu kwa njia nyingine nyingi, na mwalimu anayejua kazi yake anazijua.

Goti la tatu ni lile linaloachia. Unatembea kwenye njia ya matope wakati wa masika, mguu unabaki pale pale, mwili unageuka, goti linacheza. Huyu huenda alikatika ligamenti ya ndani ya goti kwenye mpira wa miguu au ajali, na anachokikataa ni kugeuka juu ya mguu uliokita. Teke la mzunguko la karate, taekwondo na kickboxing linataka kugeuka hivyo hasa, na sakafu ya saruji ikiukamata unyayo, goti ndilo linalogeuka badala ya mguu. Mirusho mingi ya judo huanza kwa kuingia na kumpa mpinzani mgongo, tena ukiwa umebeba uzito wake. Kwa goti hili, mpaka litakapotibiwa na kurudishiwa nguvu, chagua mchezo wa mikono: ngumi bila pambano, au karate ambayo mwalimu amekubali ufanye teke la mbele tu, chini ya kiuno. Hata tai chi, pamoja na sifa zake, ina migeuko. Mwalimu mzuri huinua unyayo kidogo kabla ya kugeuka, asiyejali huuburuta.

Nimekaa kwenye goti kwa sababu linaonyesha jambo lenyewe. Watu watatu wanasema "goti linauma", na kila mmoja anahitaji darasa tofauti. Ndiyo maana ushauri wa mitaani wa mchezo fulani kuwa mzuri kwa magoti hauna thamani.

Juu ya kichwa sina maneno mengi wala nafasi ya kujadiliana. Aliyewahi kupoteza fahamu katika ajali, au ambaye baada ya ajali alikaa wiki kadhaa na kizunguzungu, kichwa kuuma na usahaulifu, asikubali kupigwa kichwani na mtu yeyote kwa jina la mazoezi. Tangu mwaka 1928 daktari wa Marekani Harrison Martland aliandika juu ya mabondia waliopigwa mpaka wakawa wanatembea na kuongea kama walevi, na elimu ya miaka iliyofuata imeongeza ushahidi tu. Kofia ya ulingoni huzuia kuchanika ngozi, lakini haiwezi kuuzuia ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Chama cha ngumi za ridhaa duniani kiliiondoa kofia hiyo kwa wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013. Kwa wingi wa ajali za bodaboda zetu, kila mwalimu wa ngumi Moshi anapaswa kudhani kwamba miongoni mwa vijana wake yumo mwenye historia hiyo, na amuulize kila mmoja. Kijana huyo anaweza kupiga begi, kupiga kivuli, kukimbia, kushika padi za mwenzake. Anaweza kuwa bondia kwa kila kitu isipokuwa kupigwa, na hakuna aibu katika hilo.

Bega lililowahi kutoka lina tabia yake. Kwa vijana, likitoka mara moja hutoka tena kwa urahisi, kwa kuwa zile ligamenti za mbele zilizochanika hubaki zimelegea. Mkao wake mbaya ni mkono ukiwa juu, nje na nyuma, kama mtu anayejiandaa kurusha jiwe. Jiu-jitsu ya Kibrazili hutafuta mkao huo kwa makusudi kumlazimisha mpinzani asalimu amri. Judo huvuta mkono na kukuangusha juu ya bega, na anayeogopa kuanguka hutanguliza mkono ulionyooka, jambo linaloweza kulitoa bega au kuvunja kifundo cha mkono. Hata ngumi ina hatari yake ndogo, ile ngumi iliyorushwa kwa nguvu zote ikakosa kitu. Mwenye bega hili aanze na karate polepole au begi zito lililo karibu, kiwiko kikiwa chini, na judo aiweke mwisho wa orodha mpaka mtaalamu aseme bega limepona.

Kiuno na shingo vinawahusu zaidi akina mama wa migombani, na ni kundi ambalo walimu hulifikiria mwisho. Mgongo uliochoka kwa kubeba hukataa kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja ukiwa na uzito, na hiyo ndiyo sura ya mirusho mingi ya judo na mieleka. Hukataa pia kulazwa chini na mtu akakukalia juu. Kinachoufaa ni kazi ya wima: kusimama sawa, kupiga na kuzuia, kutembea kwa hatua zilizopangwa. Ndiyo maana kata ni nzuri kwa watu hawa, na ndiyo maana tai chi ingewafaa mno kama walimu wangekuwepo wa kutosha. Shingo iliyobeba ndoo na mikungu kwa miaka 30 isikabwe, isifanye zoezi la kujiinua kwa kichwa, na isibiringishwe. Hapa aikido, inayosifiwa kwa upole, inahitaji tahadhari. Mapigo yake ni machache, lakini kubiringika kwake ni kwingi, tena juu ya bega na karibu na shingo, na mikono hukunjwa kila dakika. Na kama kuna ganzi inayoshuka mguuni au mkononi, mguu unaokosa nguvu, au haja inayotoka bila kuzuilika, hilo si swali la mchezo tena. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la heshima linaloingia hapa, na halizungumzwi. Mwalimu ana miaka 27, mwanafunzi ana 55. Kijana anaona haya kumwambia, "Mama, simama, hilo goti linaingia ndani." Naye mama, akiamkiwa shikamoo mlangoni na kuitwa mama darasa zima, anaona si vizuri kumweleza kijana mdogo kwamba kiuno kinamuuma. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na jeraha linakua katikati yao. Kama upo uwezekano, akina mama wafundishwe darasa lao, na awepo mwanamke mzima ambaye wanaweza kumwambia lolote.

Mifupa iliyovunjika inataka subira kuliko ujuzi. Mtu akishatolewa hogo hudhani amepona. Mfupa huendelea kujijenga kwa miezi mingi baada ya hapo. Aliyewekewa chuma ajue kwamba mfupa ni dhaifu hasa pale chuma kinapoishia, kwa hiyo michezo ya kugonganisha muundi na muundi, kama kickboxing na Muay Thai, haimfai hata akijisikia mzima. Aliyeungwa mfupa na mganga wa jadi bila picha ya eksirei apige picha hiyo kwanza, kwani mguu uliounga kwa pembe hupeleka uzito mahali pasipostahili, na goti na nyonga ndivyo vinavyolipa. Yapo pia maeneo ya ukanda huu, kuanzia Maji ya Chai upande wa Meru, ambako maji yenye floraidi nyingi yamepinda miguu ya baadhi ya watu tangu utotoni na kukaza migongo yao. Watu hao huambiwa "nyoosha mguu, kaa vizuri" na mwalimu asiyejua. Hawawezi, na hawapaswi kulazimishwa.

Presha nayo ni jeraha la kuingia nalo, ingawa halionekani. Kata ya sanchin inayofanywa kwa kukaza mwili wote na kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu wakati huo huo. Mwenye presha afanye kata hiyo kwa kupumua wazi na bila kukaza, au aiache.

Sasa twende kwenye sakafu, ambayo kwa maoni yangu huamua mambo mengi kuliko mtindo. Madarasa mengi ya Moshi na vijijini hufanyika kwenye saruji ya ukumbi wa shule au kanisa, au kwenye nyasi za uwanja ambao, mlimani, mara nyingi umeinama. Karate na ngumi zinaweza kuishi hapo kwa adabu. Judo haiwezi. Jigoro Kano alipoianzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliondoa mbinu za hatari kwenye pambano la mazoezi na kuufanya ufundi wa kuanguka kuwa somo la kwanza, lakini yote hayo yalitegemea mikeka. Hata Japani, yenye mikeka na walimu kwa wingi, wanafunzi zaidi ya 100 wamekufa katika judo za shule tangu mwaka 1983, wengi kwa kuumia kichwa, na wanaoanza ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kwa hiyo akitokea mtu kukufundisha judo juu ya saruji au maturubai, ondoka, uwe na jeraha usiwe nalo. Ukipata mikeka ya kweli na mwalimu anayetumia wiki za kwanza kukufundisha kuanguka tu, umepata kitu cha thamani sana, kwa sababu ufundi wa kuanguka humsaidia mtu hata kwenye utelezi wa kihambani.

Nguvu ya mwenzako nayo inaweza kupangwa. Kila Julai kule Makunduchi, Unguja, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba. Wanapigana kweli, wanatoa hasira za mwaka mzima, na silaha yenyewe haivunji mfupa. Jamii iliamua kiasi cha nguvu kabla ya pambano kuanza. Darasa la kujihami linaweza kufanya vivyo hivyo: leo tunagusa tu, leo hakuna mateke, fulani hapigwi bega la kushoto. Mwalimu asiyeweza kuweka sharti la namna hiyo na kulisimamia hafai kwa mwenye jeraha, hata awe na mkanda mweusi wa daraja gani.

Moshi ina bahati ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki haina. Hospitali ya KCMC imekuwepo tangu mwaka 1971, ina idara ya mifupa na fiziotherapia, na kandoni mwake kipo chuo cha TATCOT ambacho tangu mwaka 1981 kimefundisha mafundi wa viungo bandia kwa nchi nyingi za Afrika. Kuna Mawenzi mjini, na hospitali za Kibosho, Machame, Kilema na Marangu huko juu. Ukienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, usimuulize kama unaruhusiwa karate. Hilo neno halimwambii chochote, na atakujibu "hapana" kwa usalama wake. Mwonyeshe. Chuchumaa mbele yake, nyanyua mguu, geuka, tupa ngumi, lala chali na uinuke. Muulize ni ipi kati ya hizo uiache, ipi uipunguze, na ipi uifanye kila siku. Ukitoka hapo na orodha hiyo, mwalimu wako ana kitu cha kufanyia kazi. Kipimo chako nyumbani kiwe asubuhi ya kesho yake: kiungo kikiwa kimevimba au kinauma kuliko kabla ya darasa, punguza, kikiwa vile vile au nafuu, endelea.

Na tusisahau kwamba mlango unaweza kufunguka hata kwa mwenye ulemavu mkubwa. Judo ya wasioona imekuwemo kwenye Paralimpiki tangu Seoul mwaka 1988, wapambanaji wakianza huku wameshikana mavazi. Taekwondo ya watu waliopungukiwa mikono iliingia kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Katika mji wenye Shule ya Msingi Mwereni, inayosomesha watoto wasioona, na wenye karakana ya miguu bandia, mikeka ishirini na mwalimu mmoja wa judo mwenye subira vingefaa kuliko ulingo mpya.

Nikiulizwa leo hapa Moshi, kwa hali ya kumbi na walimu ilivyo, nitajibu hivi. Mwenye jeraha la muda mrefu la goti, kiuno au bega aanze na Goju-Ryu, kata tu kwa miezi sita, misimamo ya juu, bila kumite. Asiyependa kata aende kwenye ngumi za begi, bila kupanda ulingoni. Tai chi aichukue mara moja akiipata, hasa akiwa amepita miaka 50. Judo aingie pale penye mikeka na baada ya bega na goti kupimwa. Kickboxing na jiu-jitsu aziache mpaka aliyemtibu aseme amepona. Aliyeumia kichwa asipigwe kichwa, katika mchezo wowote, maisha yake yote.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu. Mwanafunzi mpya akija, kabla ya kumpa nafasi kwenye mstari, mkalishe pembeni umuulize ameumia wapi, lini, na alitibiwa vipi, kisha uandike kwenye daftari na ulisome daftari hilo kabla ya kila darasa. Muulize kijana kama amewahi kuanguka na pikipiki, na muulize mgumu goti lake linafanyaje anaposhuka. Na kichurachura kiondoeni wiki hii.